Mshumaa wa Toleo la Kumi na Nne

Kuna watu wazima, wenye vitambulisho na maumivu ya mgongo, ambao wakiamka asubuhi kitu cha kwanza ni kubishana kama Meja Kutu anaweza kumpiga Bibi Kimya. Nawajua vizuri. Mimi ni mmoja wao, na kwa miaka miwili nilijiona bingwa.

Kwa wale waliobahatika kuishi bila kujua mambo haya, nitaeleza haraka. Hao wawili wamo kwenye vitabu vya katuni vinavyoitwa Kikosi cha Mlimani. Meja Kutu akigusa chuma kinaliwa na kutu hapo hapo, kiwe kufuli, bunduki au daraja zima. Bibi Kimya yeye akitembea sauti zote hufa, hatua ishirini kila upande, na adui zake hubaki wakifungua midomo bure. Wachoraji hawajawahi kuwapiganisha. Wakiulizwa, wanasema hao ni marafiki. Marafiki! Basi kazi ya kuwapiganisha tukaachiwa sisi mashabiki, na tuliifanya kwa bidii ambayo wengine huiweka kwenye shamba lao la mahindi.

Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp kilichoitwa Ulingo, watu mia mbili na kumi na wanne. Watu wa Kitale tulikuwa wa Meja. Watu wa Bungoma walikuwa wa Bibi. Kwa nini ikawa hivyo sijui, ila kila upande uliapa kwamba ni suala la akili. Mimi nina duka la dawa za mifugo hapa Kitale, Kemboi Agroveti, na wateja wangu wamezoea. Mkulima anangoja dawa ya kupe, ng'ombe wake anajikuna huko nyumbani, nami namwambia, "Dakika moja tu, mzee," huku nikiandika aya tatu kuthibitisha kwamba Meja angeshinda kabla ya Bibi kuvua viatu. Kikundini niliitwa Kutu Milele. Jina nilijipa mwenyewe, hakuna haja ya kunionea huruma.

Adui yangu aliitwa Msumari.

Msumari alikuwa wa Bungoma na alikuwa na tabia moja ya kuudhi kupita zote: hakukasirika. Unamtukana asubuhi, anakujibu saa nane mchana, kwa sentensi fupi zenye nukta mahali pake. "Hoja yako ina mapengo. Rudia." Basi. Hakuna kicheko wala picha ya moto. Nilikuwa nimemchora kichwani kabisa: kijana wa miaka ishirini na mbili, hana kazi, anakaa kwa mjomba, na shingo nyembamba.

Siku tuliyogombana zaidi aliandika hivi: "Sauti husafiri katika hewa. Bibi Kimya hazimi sauti, anaondoa hewa. Toleo la kumi na nne, ukurasa wa tisa: anaingia posta na mshumaa unazimika. Pasipo hewa hakuna kutu. Meja atamgusa Bibi kwa mikono mitupu kama mtu yeyote. Hili ni somo la kidato cha kwanza."

Toleo la kumi na nne sikuwa nalo. Ni la zamani, halipatikani. Hilo halikunizuia hata kidogo.

"Mshumaa ulizimwa na upepo wa mlango, bana," nikaandika. "Wewe kijana unakaa tu hapo Bungoma unakula ugali ya wenyewe. Tafuta job, tafuta bibi. Ama mama yako alikufunza adabu nusu akachoka?"

Watu sitini na watatu walicheka. Nilihesabu. Siku hiyo nilimuuzia mtu dawa ya kuku badala ya ya mbuzi, na hata hilo halikunipunguzia furaha.

Miezi michache baadaye nilipita kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu karibu na soko, na kwenye rundo la vitabu vya shule vya zamani nikaliona toleo la kumi na nne, limekatika kona. Nilisimama pale pale nikafungua ukurasa wa tisa. Bibi Kimya yuko ndani ya posta. Mshumaa umezimika, moshi umesimama wima bila kuyumba. Na mlango nyuma yake umefungwa. Haujarudishwa tu, umefungwa, na mchoraji, Mungu amsamehe, amechora hadi komeo.

Nilikinunua kitabu hicho, nikaenda nacho dukani, nikakificha kwenye droo chini ya dawa za minyoo. Halafu nikaingia Ulingo nikabishana kwa ukali kuliko siku zote. Nilitayarisha hata jibu la akiba: kama mtu angetaja mlango, ningesema upepo ulipita dirishani. Dirisha halikuchorwa, kwa hiyo nani angethibitisha kwamba halipo?

Sasa nimtaje Nekoye, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa upuuzi mtupu, na pamoja naye yalikuwa upuuzi wenye hasara. Nekoye ni karani wa ushirika wa maziwa hapa Kitale, kwao ni Bungoma, na nilitaka kumuoa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Alinipenda pia, ila kwa tahadhari. Tahadhari hiyo ilianzia Cheptais. Tulikuwa tunaenda harusini kwa pikipiki yangu, nikapotea njia, na badala ya kuuliza nilimzungusha mlimani saa moja na nusu nikisema hiyo ndiyo njia fupi. Tulifika keki imeliwa. Nekoye alishuka, akajipangusa vumbi, akaniambia, "Kemboi, siku utasema umekosea, mimi nitachinja mbuzi." Nikamwambia njia iliharibiwa na mvua. Ilikuwa Januari, kiangazi kikavu.

Mwezi wa nane tukaamua niende kwao na wazee wangu tujulishwe. Nekoye alinipa masharti kama anayempa mgonjwa dawa.

"Mama huwezi salimia kwa mkono. Mama mkwe na mkwe hawakai nyumba moja, hawaangaliani, hawakuli pamoja. Yeye atakuwa jikoni, wewe utakuwa sitting room. Ukikutana na yeye kwa njia, unapisha."

"Na nikitaka kuongea na yeye?"

"Hutaki."

Nilifurahi sana. Mtihani gani mwingine unafanyika bila kuonana na mtahini? Nilichojua juu ya mama yake ni kwamba aliitwa Mwalimu Joan, ni mjane, na alifundisha kemia miaka thelathini kabla ya kustaafu. Nilituma zawadi mapema, kalenda ya Kemboi Agroveti yenye picha ya ng'ombe wa maziwa na namba yangu ya simu kwa herufi kubwa. Nekoye aliniambia mama ameitundika jikoni. Nikajiona mtu mwenye akili za biashara.

Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi. Nyumba iko nyuma ya Kanduyi, hapo Bungoma, safi, uani pamefagiwa hadi mtu anaona haya kukanyaga. Upande wangu alikuwapo baba mdogo wangu, Mzee Rotich, askari jela mstaafu, ndiye msemaji wetu. Upande wao alikuwa mjomba wa Nekoye, Mzee Mukhisa, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye ujana wake wote, na hadi leo hawezi kushika karatasi bila kuisugua kwa kidole gumba. Kwenye kiti cha pembeni alikaa bibi yake Nekoye, mama wa mama yake, miaka tisini na kitu. Wote walimwita Kukhu. Mlango wa jikoni ulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia kivuli kilipita mara moja kikatulia.

"Kalibuni sana, kalibuni," alisema Mzee Mukhisa. Tukaomba, tukanywa chai, tukataja majina ya koo hadi kwa watu ambao sikujua kama tuliwahi kuwa nao. Mzee Rotich alinisifu: kijana wa kanisa, mtu wa bidii, halewi, ana heshima. Alipofika kwenye heshima, pazia lilisogea. Mkono ukatoka na bahasha ya kaki. Nekoye akaipokea akampa mjomba wake.

Mzee Mukhisa alitoa karatasi, akazisugua, akavaa miwani.

"Mama Nekoye anaomba hizi zisomwe," alisema. "Sasa. 'Wewe kijana unakaa tu hapo Bungoma unakula ugali ya wenyewe.'" Akatutazama mmoja mmoja. "Rakini hii ni nini?"

Chai ilinipanda puani. Aliendelea kusoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Maneno yangu yote ya miaka miwili yalikuwa pale yamechapishwa, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, yamesahihishwa. "Tusi si ushahidi." "Aya ndefu, hoja fupi." "Taja ukurasa." Mwishoni mwa karatasi ya kwanza nilipewa mbili juu ya kumi, na chini yake iliandikwa "Njoo unione", halafu ikakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu hilo haliwezekani.

"Namba ya huyu mtu," alisema Mzee Mukhisa akigonga karatasi, "na namba ya karenda iko jikoni, ni moja."

Mzee Rotich aliniinamia. "Kemboi, umetukana nani?"

"Msumari," nikasema.

"Msumari ni nani?"

Nilitazama pazia. Kijana wangu wa shingo nyembamba alikuwa mwalimu wa kemia wa miaka sitini na miwili. Nekoye aliniambia baadaye kwamba mama yake alianza kwa kunyang'anya wanafunzi katuni darasani, na kwa kuwa mwalimu mwaminifu hawezi kuadhibu kosa asilolielewa, akazisoma. Alistaafu na katoni mbili.

Lakini bado. Mzee Mukhisa alikuwa amefika kwenye mstari ule. "'Ama mama yako alikufunza adabu nusu akachoka?'"

Kukhu, ambaye tulidhani amesinzia, alifungua macho. "Nani?"

"Kukhu, ni mambo ya simu tu," alisema Nekoye.

"Nani amesema mimi nilichoka? Joan ni wa ngapi? Wa tisa! Nimelea tisa, sijachoka hata mmoja! Huyu kijana anajua kuchoka?"

Hapo Mzee Rotich akasimama. Alikuwa msemaji, na msemaji lazima aseme. Hakuwa ameelewa hata robo ya jambo lenyewe, hilo nalo halikumzuia; ni ukoo wetu.

"Wazee, kijana wetu amekosa kwa mdomo, tunakubali. Lakini mumusikize. Yeye alikuwa anatetea meja. Meja ni mtu wa serikali. Kijana akitetea jeshi, si ni uzalendo?"

"Huyo meja ako kambi gani?" aliuliza Mzee Mukhisa.

"Hiyo sijui. Lakini hawezi pigwa na mama."

"Ati hawezi? Soma hapa! Mama anatoa hewa. Wewe utapigana bila hewa?"

"Na yeye mwenyewe anapumua nini?"

"Anabana pumzi! Si hata wewe unaeza bana?"

Kwa nusu saa nzima wazee wawili, waliokuja kuunganisha koo mbili, walibishana kama kutu inaweza kula jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na hewa. Mzee Mukhisa alisimulia mitambo ya Webuye na kutu alizozijua kwa majina. Mzee Rotich akaleta kufuli za jela. Chai ilipoa. Nilikuwa nimeota maisha yangu yote watu wazima wenye heshima wachukulie suala hili kwa uzito, na sasa walilichukulia, na nilitamani sakafu ipasuke.

Kukhu ndiye aliyewanyamazisha. "Huyo mama hasemi, huyo meja anasema sana? Basi mama ameshinda. Mimi niliolewa miaka sitini, najua."

Mzee Mukhisa akakaa, akaifikia karatasi ya mwisho. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa tisa. Mshumaa, moshi wima, Bibi Kimya. Mlango ulikuwa umezungushiwa duara jekundu. Chini yake kulikuwa na swali moja, na mzee alilisoma: "Je, mlango wa posta uko wazi au umefungwa? Jibu kwa sentensi kamili."

Kisha tukasikia sauti nyuma ya pazia. Hakusema nami. Alisema na Nekoye, kama desturi inavyoruhusu, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma.

"Nekoye, waambie wageni matusi nimesamehe. Nimefundisha watoto miaka thelathini, nimeitwa majina mabaya kuliko hayo. Lakini baba yako tuliishi naye miaka ishirini na nane. Alikuwa mtu mzuri, alitulisha, alitusomesha. Siku hata moja sikumsikia akisema, 'Joan, hapa nimekosea.' Hata siku alikuwa anakufa. Nilikuwa naongea na ukuta, mama. Mimi sitakuombea hiyo. Ajibu swali, halafu wewe mwenyewe utaamua."

Nekoye alisimama kando ya mlango, mikono imeshikana mbele, akinitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea. Alikuwa na uso ule ule wa Cheptais, wa mtu aliyeshuka kwenye pikipiki anajipangusa vumbi, na nilijua kwamba akishuka safari hii hapandi tena.

Jibu la dirisha lilikuwa mdomoni. Nawaambia ukweli, lilikuwa tayari, limepigwa pasi, lilinikaa vizuri kwenye ulimi. Dirisha halikuchorwa. Nani angethibitisha?

"Mlango wa posta umefungwa," nikasema.

Mzee Rotich alinigeukia kama niliyejiuzulu vitani.

"Na nimejua tangu mwaka jana," nikaendelea, kwa sababu nilipoanza sikuweza kusimama. "Nilinunua hiyo kitabu. Iko kwa duka, chini ya dawa ya minyoo. Niliona komeo. Nikaendelea kubishana tu. Na Cheptais nilipotea, Nekoye. Hakukuwa na mvua. Nilikosea."

Nekoye alifunika mdomo. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Nilitoa simu nikaandika Ulingo, mbele ya watu mia mbili na kumi na watatu: "Mlango ulikuwa umefungwa. Bibi Kimya anashinda. Msumari alisema kweli tangu mwanzo, na yale ya mama yake nayafuta. Nilikosea." Nyuma ya pazia simu ililia mara moja.

Watu wa Kitale waliniita msaliti kabla sijairudisha simu mfukoni. Lakini nilikuwa nimeshapewa chapati ya pili, na Kukhu alisema nina masikio ya mtu anayeweza kufunzika.

Jioni, tukirudi Kitale, nilifungua simu nisome Msumari atasema nini. Nilitarajia ajisifu. Nilitaka ajisifu, nilikuwa nimemwandalia majibu mawili. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa kijivu: Msumari ametoka kwenye kikundi.

"Ametoka mbona?" nikampigia Nekoye, aliyekuwa amebaki kwao.

"Kemboi, wewe sasa ni mkwe wake. Mtu hagombani na mkwe. Ni heshima."

Ni heshima, sawa. Tulifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Nekoye alichinja mbuzi kama alivyoahidi, na akamtangazia kila mtu sababu. Mama mkwe wangu alikaa safu ya mbele upande wa pili, amenigeuzia mgongo, na nilichoona ni kofia ya zambarau tu, kwa nyuma. Nilikuwa na furaha, sisemi uongo. Lakini Ulingo ulikuwa umekufa. Niliandika hoja zenye matundu ya kupitisha ng'ombe, makusudi, na mia mbili wale walijibu "hahaha" na "umechapa". Miaka miwili mtu mmoja alikuwa ananisoma hadi nukta ya mwisho, na nilimjua siku ile ile niliyompoteza. Nilimkosa sana. Haya, nimesema.

Mwezi wa pili, siku ya soko, duka limejaa, niliandika kwamba Meja Kutu angemshinda Bibi Kimya kama wangekutana mvuani. Maji si yanaleta kutu? Hoja ya mtoto. Nikaweka simu nikaanza kumpimia mzee mmoja dawa ya kupe.

Simu ikalia. Namba ngeni, imeingia kikundini asubuhi hiyo, jina lake Oksijeni.

"Hoja yako ina mapengo. Rudia."

Niliweka chupa chini. Nilisoma tena, na nukta zote mbili zilikuwa mahali pake. Nikaandika, kwa adabu ambayo Ulingo haukuwahi kuiona: "Karibu kikundini. Mimi na wewe hatujuani. Naomba unionyeshe pengo liko wapi."

"Hatujuani," ikajibu. "Anza na maji yaliyochemshwa. Hewa ikitoka, hata msumari haushiki kutu."

Mzee wa kupe alikuwa ananitazama. "Ni habari mbaya, kijana? Mbona unapangusa macho?"

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Ni mtu tu simjui. Ningoje dakika moja."